Miaka Tisini na Mmoja ya Amadasun

Katika kijiji chetu cha Ugbeka mtu hagombei ukuu; huusubiri. Mwanamume aliyeishi siku nyingi kuliko wanaume wengine wote ndiye odionwere: yeye hushika fimbo ya wahenga, huimega kola, ile kokwa chungu ya heshima, na kuiombea, na huwa wa kwanza kuchukua fungu lake nyama inapogawiwa. Elimu haimsaidii mtu kufika hapo, mali haimsaidii, na hekima, kwa niliyoyashuhudia katika miaka kumi na sita ya ukatibu wa baraza la wazee, haijawahi kuulizwa. Utaratibu huu una sifa moja kubwa: hauachi mwanya wa ulaghai, ilimradi watu wajue walizaliwa lini.

Hawajui.

Odionwere wetu Mzee Aisien alipofariki, mwanzoni mwa mavuno ya viazi vikuu, walibaki wawili tu wa rika lililomfuata, na kila mmoja alishikilia kuwa mwenzake ni mdogo wake. Wa kwanza alikuwa Amadasun, seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya kijiji na majeneza yake yote. Wa pili alikuwa Omorodion, mgema wa utomvu wa miti ya mpira, mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa mtu anayefukuzwa. Huyu Omorodion ni mdogo wake marehemu mama yangu. Nalisema mapema ili msomaji apunguze katika ushahidi wangu kiasi atakachoona kinafaa.

Daftari la ubatizo lililiwa na mchwa. Wazee hawa wawili waliingizwa katika rika lao asubuhi moja, kwenye mstari mmoja, na anayetangulia mstarini ndiye mkubwa. Mashahidi wa asubuhi ile waliobaki hai ni wao wawili tu. Amadasun anakumbuka waziwazi kuwa Omorodion alisimama nyuma yake. Omorodion naye anakumbuka vilevile waziwazi kuwa Amadasun alisimama nyuma yake.

Hapo ndipo bahasha za hospitali zilipowasili barazani.

Mwaka uliotangulia, watafiti kutoka hospitali kubwa ya mjini Benin walikuwa wamechukua damu na mkojo wa wazee sitini na watatu wa Ugbeka, na kuwapima presha. Walitaka kujua jinsi utendaji wa jeni unavyobadilika mtu anapozeeka, na kwa nini uzee huo huo humletea mmoja maradhi ya moyo na figo na kumwacha jirani yake akipanda miti. Baraza lilikubali kwa sharti moja: damu haitoki kijijini bila neno kurudi. Neno likarudi, karatasi moja kwa kila mzee, na katikati ya kila karatasi nambari moja kubwa chini ya maneno “Umri wa damu”. Ya Amadasun ilikuwa tisini na moja. Ya Omorodion, sitini na nane.

Baraza liliitishwa siku iliyofuata.

“Tisini na moja!” Nosakhare, mwana wa kwanza wa Amadasun, aliipunga karatasi kama kitambaa cha harusi. “Mashine imesema. Mashine haina ukoo, haijala kwa mtu!”

“Mashine haina ukoo,” nikasema, “lakini aliyeiwasha anao.”

“Mwalimu, wewe hata jua likichomoza unaliomba kitambulisho!” Nosakhare akanigeukia; kazi yangu ya ualimu ndiyo jina langu kijijini.

Omorodion alikuwa amekwisha kusimama. “Sitini na nane? Mimi? Mwanangu wa kwanza ana miaka sitini na mmoja! Nilimzaa nikiwa na miaka saba?”

“Ulianza mapema, mzee!” mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Hoja ya mjomba wangu ilitosha kuitupa nambari ile nje ya ukumbi, na kama tungekuwa watu wa kufuata hoja, kikao kingeishia pale. Lakini nambari iliyochapishwa ina heshima ambayo hoja iliyotamkwa haina. Nami, kwa mkono wangu, niliandika katika kumbukumbu: “Umri wa Amadasun, miaka 91, umri wa Omorodion, miaka 68.” Niliandika kwa sababu ndivyo ilivyosomwa. Baraza likaniagiza nichunguze kama kulikuwa na hila, nilete taarifa siku ya soko la tatu.

Nilikuwa na hakika kuwa hila ipo. Kazi yangu, nilidhani, ilikuwa kumpata mwenyewe tu.

Nilianza zahanati, kwa sababu muuguzi Imuetinyan, aliyechukua ile damu, mama yake ni wa nyumba ya akina Amadasun.

“Mwalimu,” akasema bila kuinua kichwa, “umekuja kupima presha au kunishtaki?”

“Vyote viwili, ukiwa na nafasi.”

Akanifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo zaidi ya ilivyohitajika. Nikamuuliza nani aliiandika mirija majina. Akajibu kuwa mirija haikuwa na majina ila nambari, na ufunguo wa nambari ulikaa mjini. Nikamuuliza damu ilikaa muda gani kwenye joto. Akanionyesha daftari: kila mrija ulikuwa na dawa ndani ya kuisimamisha damu kama ilivyo, na uliingia kwenye sanduku la barafu saa ileile. Niliyapitia majina yote sitini na matatu nikitafuta pengo. Sikulipata, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi, kwa kuwa sijawahi kuona daftari la Ugbeka lisilo na pengo.

“Basi nieleze,” nikasema. “Mtu wa miaka themanini na kitu anapataje damu ya miaka tisini na mmoja?”

“Jeni za mtu ni zilezile, Mwalimu, tangu anazaliwa hadi anazikwa. Kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi na zipi zimelala. Ujanani zile za kukarabati mwili ziko macho. Uzeeni nyingine zinasinzia, na zile za kuwasha uvimbe zinakesha bila kuitwa na mtu. Wao wanaangalia zipi ziko macho na zipi zimelala, wanalinganisha na watu maelfu, halafu wanasema damu hii inafanana na ya watu wa umri fulani.”

“Inafanana.”

“Inafanana. Haikuwepo siku anazaliwa.”

“Na ikifanana na ya watu wazee kuliko mwenyewe?”

“Basi mwili umetangulia miaka yake. Watu wa hivyo, ukiwachukua wengi kwa pamoja, figo na moyo huwasumbua zaidi. Si hukumu, ni tahadhari. Na si lazima ibaki hapo. Sigara huipandisha, maradhi huipandisha. Mtu akitunzwa yaweza kushuka. Nimewaambia hivi wazee wote, hapa hapa, kwenye benchi hili. Walinisikiliza kama mahubiri.”

“Na Amadasun mwenyewe ana nini?”

Hapo uso wake ukafungika. “Hilo ni la Mzee Amadasun. Nenda kamuulize yeye.”

Akaweka kiganja juu ya daftari jingine lililokuwa wazi mezani, lile la kupokelea barua. Alichelewa kidogo. Nilikuwa nimeona saini ya Amadasun, ile yenye herufi pana za seremala, mara tatu katika ukurasa mmoja. Saini ya Omorodion haikuwamo.

Barua tatu za hospitali kwa mzee mmoja, na kwa mpinzani wake hata moja! Nimefundisha historia miaka thelathini na mbili. Vita vimewahi kuanzishwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Niliondoka nikiwa nimeridhika kuliko wakati wowote tangu mazishi ya Aisien.

Amadasun nilimkuta katika karakana yake, amekaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Sikumwona akifanya kazi. Randa ilikuwa na vumbi juu, jambo ambalo katika karakana ile lilikuwa sawa na kuona msikiti umekuwa ghala. Kando yake palikuwa na sahani ya viazi vikuu vilivyotwangwa, haijaguswa, mchuzi umeganda juu. Nilimwamkia kwa salamu ya asubuhi ya ukoo wake, akaiitikia kwa sauti ndogo.

“Mzee, naomba kuziona barua za hospitali.”

“Barua gani?”

“Tatu. Umezitia saini.”

“Nani kakutuma? Omorodion?”

“Baraza.”

“Siku hizi Baraza na Omorodion wanatofautiana nini?”

Nilikuwa nimeiona miguu yake. Ilikuwa imevimba kama mito ya kulalia, ngozi inang'aa, na viatu vyake vya kandambili vilikuwa vimechanwa ukanda na kushonewa ukanda mwingine mrefu, kwa ustadi wa mtu anayejua kupima. Ukanda huo nao ulikuwa umeongezwa tena. Seremala alikuwa amekipima kiatu mara mbili kwa mguu uliokuwa ukikua, na bila shaka aliandika vipimo mahali fulani.

Akafuata macho yangu, akairudisha miguu chini ya kiti. Kisha akavuta sanduku la patasi, akatoa bahasha tatu kutoka chini ya tezo.

“Soma kimoyomoyo. Nosakhare yuko uani.”

Barua ya kwanza ilimwomba afike hospitalini, kwa kuwa presha yake ilikuwa juu sana na mkojo wake ulionyesha kuwa figo zinavuja kisichopaswa kuvuja. Ya pili ilirudia hayo na kuongeza kuwa bado kuna dawa za kuzilinda figo zilizobaki na uzima. Ya tatu ilikuwa fupi. Neno “haraka” lilikuwa limepigiwa mistari miwili kwa kalamu.

Nilizisoma mara ya pili nikitafuta hila. Nilizigeuza nyuma.

“Kwa nini hukwenda?”

“Nikienda watanipa dawa.”

“Ndiyo kazi yao, mzee.”

“Na dawa ikifanya kazi, damu inarudi ujana. Yule binti wa zahanati kasema mwenyewe, mtu akitunzwa inashuka.” Akaniinamia, na pumzi yake ilikuwa fupi. “Sasa wewe uliyesoma, niambie. Nikienda wakanitibu, wakanipima tena, wakakuta sabini. Fimbo anapewa nani?”

Nimewahi kusoma kuwa kuna nchi ambako watu hulipia mashine iwaambie kuwa ni vijana kuliko miaka yao. Sikudhani ningekutana na mtu aliyeulinda ugonjwa wake kama hati ya kiwanja.

“Ile nambari si miaka,” nikamwambia. “Ni maradhi.”

“Barazani imesomwa kuwa ni miaka. Na wewe ndiye uliyeandika.”

Hilo lilikuwa kweli.

“Utakufa, mzee.”

“Nitakufa odionwere. Aisien alikufa hivyohivyo, sikukuona ukilia.” Akazichukua barua zake, akazirudisha chini ya tezo. “Ukimwambia Nosakhare nitasema umezigushi. Nani ataamini? Wewe mtoto wa dada yake Omorodion.”

Alikuwa ameniweka mahali nilipozoea kuwaweka wengine. Nilisimama uani pake kwa muda, mwanawe akinitazama kwa jicho la kuniuliza nimeiba nini.

Kwa mjomba nilifika saa sita mchana. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, mgongo kwa mlango, akitoa moshi.

“Mjomba! Tangu lini unavuta sigara?”

“Tangu soko lililopita.” Akakohoa hadi machozi yakamtoka. “Yule muuguzi alisema sigara inazeesha damu. Nataka wanipime upya. Nipe mwezi mmoja tu, nitawafikia hao tisini na moja.”

“Na hiyo harufu ya gongo?”

“Kidogo. Asubuhi na jioni.”

“Mjomba, una miaka themanini na kitu.”

“Kaliambie baraza!”

Nilimwangalia, nikayajumlisha mambo. Kijiji kilikuwa na wazee wawili tu wanaostahili kukiongoza. Mmoja alikuwa anakufa ili asionekane kijana, na wa pili anajiua ili aonekane mzee. Wa pili, angalau, alikuwa na mapafu mazuri.

“Mjomba, mwachie Amadasun fimbo.”

Sigara ikasimama njiani. “Wamekupa nini?”

“Hawajanipa kitu. Umeiona miguu yake?”

“Nani hajaiona? Kijiji kizima kimeiona.”

“Hatakwenda hospitali mpaka ashike fimbo. Anaogopa akipona atashindwa.”

Omorodion akaangalia shamba lake la mpira, vikombe vikiwa vimefungwa kwenye mashina kimoja kimoja, na nilijua kuwa anapiga hesabu ambayo mtu hapigi kwa sauti.

“Basi,” akasema taratibu, “tusubiri. Desturi yetu si kusubiri? Msimu mmoja tu, Mwalimu. Sitamgusa mtu, sitamwombea mtu mabaya. Nitakaa tu hapa.”

Nilichomjibu sikijivunii. Ilikuwa hoja ya kichawi, nami siamini uchawi; naamini majirani.

“Tisini na moja toa sitini na nane,” nikasema, “inabaki ngapi?”

“Wewe ndiye mwalimu.”

“Ishirini na tatu. Akifa Amadasun, watu wataketi matangani na kuziweka zile karatasi mbili pamoja. Wataona mmoja amepungukiwa na miaka mingi, na mwenzake amezidishiwa miaka mingi. Watauliza: miaka iliyopungua kwa Omorodion ilikwenda wapi? Na mzigo uliomuua Amadasun ulitoka kwa nani?”

Sigara ilikuwa inaungua yenyewe.

“Lakini huo ni upuuzi,” akasema.

“Ni upuuzi. Umeandikwa na hospitali, una muhuri.”

“Mimi sijui hata damu inavyotolewa!”

“Utawaambia. Watakusikiliza kama walivyokusikiliza kuhusu mwanao wa miaka sitini na mmoja.”

Akaitupa sigara, akaikanyaga zaidi ya mara moja. Alitazama njia inayokwenda kwa Amadasun kama mtu anayeona watu wakija, na njia ilikuwa tupu.

“Mama yako,” akasema hatimaye, “alikuwa mtu mwema. Sijui wewe umetoka wapi.”

Siku ya soko la tatu, baada ya kola kuwekwa mezani na kukosa mtu wa kuimega, Omorodion alisimama kabla sijasoma taarifa yangu.

“Wazee wenzangu, nimekumbuka vizuri sasa. Asubuhi ile ya kuingia rika, Amadasun alikuwa mbele yangu. Niliona kisogo chake. Kilikuwa na kovu.”

Amadasun akapapasa kisogo chake, ambacho kweli kina kovu, na ambacho kijiji kizima kimekiona miaka yote.

“Kwa hiyo yeye ndiye mkubwa. Lakini nina mambo mawili. Zile nambari za damu zifutwe kwenye daftari la baraza, zisitajwe tena, zikipanda zisimpandishe mtu na zikishuka zisimshushe mtu. Na kesho asubuhi aende hospitali.”

Nosakhare akaruka. “Subiri kwanza! Kwa nini unaachia kirahisi hivi? Unamtaka nini baba yangu huko hospitali? Umemwandalia nini?”

“Namtaka aishi!” Omorodion akapaza sauti ikapasuka. “Nimemwandalia uhai, mpumbavu wewe! Aishi mpaka mchoke! Aishi mpaka ninyi wanawe mniombe mimi nimfanye afe!”

“Umesikia? Kataja kufa!”

Amadasun aliinua mkono. Alimtazama Omorodion kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama ubao anaoshuku kuwa una mdudu ndani. Kisha akaniuliza mimi: “Zikifutwa, zimefutwa?”

Nilifungua daftari mbele yao, nikapiga mstari mmoja juu ya nambari zote mbili, nikatia saini pembeni. Taarifa yangu ya kurasa nne niliikunja, nikaitia mfukoni. Amadasun akaomba kalamu, akapiga mstari wa pili, kwa usalama. Kisha akaimega kola.

Kesho yake alikwenda mjini na fimbo yenyewe, kwa sababu hakuwa tayari kuiacha kijiji kimoja na Omorodion. Omorodion alikwenda pia, kwa sababu hakuwa tayari Amadasun afe njiani bila yeye kuonekana akilia. Hospitali ilimlaza Amadasun siku tisa. Waliporudi, viatu vya zamani vilimkaa bila ukanda wa nyongeza. Muuguzi Imuetinyan anasema figo hazitarudi zilivyokuwa, lakini kwa dawa za kila siku zilizobaki zinaweza kumtunza miaka. Alitaja kuwa mradi ungependa kumpima damu upya. Baraza lilikataa kwa kauli moja, jambo lisilotokea tangu niwe katibu.

Nani alisimama mbele asubuhi ile, sijui, na nimeacha kuuliza. Wote wawili wamekuwa na sababu ya kukumbuka kila jibu.

Kila siku jua likipanda Omorodion huja kwa odionwere na birika la maji, akakaa mbele yake kumtazama akimeza dawa. Nimewahi kuhudhuria. Amadasun hupokea kikombe, akakirudisha.

“Onja kwanza.”

Desturi ni desturi. Anayetoa kinywaji huanza yeye. Omorodion hunywa funda, akafuta mdomo. Amadasun husubiri kidogo, aone kama mwenzake ataanguka, kisha humeza vidonge vyake vitatu.

“Fungua kinywa,” Omorodion husema. “Inua ulimi. Upande wa pili.”

“Umeridhika?”

“Sijaridhika. Kohoa.”

Amadasun hukohoa. Omorodion huchukua birika lake na kuelekea mlangoni, ule aliotengeneza mwenye nyumba, na asubuhi ile niliyokuwapo odionwere alimwita kabla hajavuka kizingiti.

“Kesho uje mapema,” akamwambia. “Ukichelewa nitajua unapanga jambo.”